Leza na Jicho: Namna Konea Inavyochongwa Kurekebisha Uoni

Utangulizi

Waswahili husema kuwa macho hayana pazia. Usemi huo hutajwa sana, na fasihi imeutumia kwa njia nyingi. Kwa mtaalamu wa macho, hata hivyo, jicho lina pazia. Pazia lenyewe ni iris, ule utando wa rangi unaoizunguka mboni na ambao hujikunja na kujikunjua kulingana na wingi wa mwanga. Mbele ya pazia hilo lipo dirisha, yaani konea, na kwa mamilioni ya watu ulimwenguni tatizo la uoni hurekebishwa kwa kulishughulikia dirisha hilo. Mwanga huingia vizuri, ila haukutani pale unapostahili kukutana.

Kwa muda mrefu dawa ya tatizo hilo ilikuwa miwani. Baadaye ikaja lenzi ya kuvaa juu ya jicho. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 njia ya tatu imekuwapo, nayo ni kuichonga konea yenyewe kwa leza hadi ipate umbo linaloupinda mwanga ipasavyo. Upasuaji huu hufanywa hata Nairobi katika hospitali za kibinafsi, na wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaouulizia wakitaka kuachana na miwani waliyoivaa tangu shule ya msingi. Uzito wa suala hili unatokana na hali ya anayeuliza. Aghalabu huyo ni kijana ambaye macho yake hayana ugonjwa wowote. Anaingia katika chumba cha upasuaji akiwa na jicho linaloona vyema kwa miwani. Anapotoka, sehemu ya jicho hilo imekwisha kuondolewa, wala haiwezi kurudishwa.

Makala haya yanafafanua kinachofanyika baina ya kuingia na kutoka huko. Aidha, yanagusia msamiati unaotumiwa kukizungumzia, kwa kuwa ni vigumu mtu kukubali au kukataa kwa ujuzi jambo ambalo hana maneno ya kulisemea.

Jinsi jicho linavyoupinda mwanga

Konea ni utando mwangavu ulio mbele kabisa ya jicho. Haina mishipa ya damu, bali hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake kutoka hewani kupitia machozi. Unene wake katikati ni nusu milimita hivi, wastani wa mikromita 540, ambapo mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka la juu kabisa lina unene wa mikromita 50 hivi, na likikwaruzwa hujijenga upya kwa siku chache. Chini yake ndiko kuliko na mwili halisi wa konea, yaani stroma, ambao ni takriban asilimia 90 ya unene wote. Stroma imeundwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa utaratibu mkubwa mno, na ni mpangilio huo unaoifanya iwe angavu. Nyuzi hizo zikikatwa au zikiondolewa, hazikui tena kama zilivyokuwa.

Nguvu ya kuupinda mwanga hupimwa kwa diopta. Jicho zima lina diopta 60 hivi, na kati ya hizo konea peke yake huchangia zaidi ya 40. Wengi hudhani kwamba lenzi iliyo nyuma ya mboni ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Kumbe lenzi ni msaidizi tu. Kazi yake hasa ni kubadilisha umbo ili jicho liweze kuhama kutoka kitu cha mbali hadi cha karibu. Ndiyo maana wapasuaji waliotaka kurekebisha uoni walielekea kwenye konea: ina nguvu, iko nje, na haitoi damu.

Jicho likiwa refu kupita kiasi kutoka mbele hadi nyuma, au konea ikiwa imebinuka mno, miali ya mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Mwenye jicho hilo husoma kitabu bila shida lakini ubao haumwelei akiketi nyuma ya darasa. Jicho likiwa fupi, miali huifikia retina kabla ya kukutana, na cha karibu ndicho kinachosumbua zaidi. Hali ya tatu, astigimatizimu, hutokea wakati konea inapokosa mbinuko ulio sawa pande zote, ikawa kama mgongo wa kijiko badala ya kuwa kama mpira. Mistari ya upande mmoja huonekana wazi na ya upande mwingine ikafifia.

Istilahi za hali mbili za mwanzo zimezua utata usio mdogo. Wapo wanaozitaja kwa kile jicho linachokiweza, wakasema kwamba fulani ana hali ya "kuona karibu". Wapo wanaozitaja kwa kile lisichokiweza, wakasema ana hali ya "kutoona mbali". Maneno hayo mawili yanarejelea jicho lile lile, ingawa kwa sikio yanaelekea kukinzana. Mwalimu akimwandikia mzazi kwamba mtoto wake "ana tatizo la kuona mbali", mzazi anaweza kulielewa kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa, na zote zikawa sahihi kisarufi. Katika makala haya yatatumika "kutoona mbali" na "kutoona karibu", maadamu mgonjwa huja kwa daktari akilalamikia asichokiona.

Ipo hali ya nne ambayo ni muhimu itofautishwe na hizo tatu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi hukakamaa, na mtu huanza kulisogeza gazeti mbali na uso ili alisome. Hapa konea haina kosa lolote, na kuichonga hakuwezi kuurudisha ulaini wa lenzi. Mhadhiri wa miaka 45 aliyerekebishiwa macho yote mawili ili aone mbali atahitaji miwani ya kusomea. Pengine ndipo atakapotambua kwamba kutoona mbali kulikuwa kukimfaa, kwani zamani alikuwa akiivua miwani tu na kusoma apendavyo. Baadhi ya madaktari huliacha jicho moja makusudi likiwa na kiasi kidogo cha kutoona mbali ili lisome, na jingine likatazama mbali. Wapo wanaolizoea hilo na wapo wasiolizoea. Busara ni kulijaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa.

Kutoka kerezo hadi leza

Wazo la kulibadilisha umbo la konea ni kongwe kuliko leza. Nchini Japani, kuanzia miaka ya 1930, daktari Tsutomu Sato alizikata konea za watu wasioona mbali, kwa nje na hata kwa ndani, ili zilegee na kulala. Uoni uliboreka kwa muda. Ila upande wa ndani wa konea una tabaka la seli zinazoyapiga maji nje ili konea ibaki angavu, na seli hizo zikifa mwili hauzirudishi. Miaka mingi baadaye konea za wengi wa wagonjwa hao zilivimba na kupoteza uangavu. Wakati huo wa Sato umuhimu wa tabaka hilo haukuwa umeeleweka.

Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow aliufufua ukataji huo kwa upande wa nje pekee, akiweka mikato mithili ya tindi za gurudumu la baiskeli. Mbinu hiyo ilienea hadi Marekani. Utafiti mkubwa uliofanywa huko uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka wa 1994 yalionyesha kwamba asilimia 43 ya macho yalikuwa yameendelea kuhama kuelekea kutoona karibu kwa diopta 1 au zaidi. Konea iliyokatwa haikutulia.

Njia nyingine ilitoka kwa José Ignacio Barraquer, Mhispania aliyefanya kazi Bogotá, Kolombia, na ambaye aliliendeleza wazo lake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Barraquer hakuilegeza konea. Alikikata kisahani chembamba cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakitia kwenye mashine na kukikereza kama fundi anavyokereza mguu wa kitanda, kisha akakiyeyusha na kukishona mahali pake. Jina alilolipa upasuaji huo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yanayomaanisha pembe na kuchonga. Kiswahili kilikwisha kuwa na kitenzi kinachoafiki zaidi, kukereza, ila hakikutumiwa. Fikra ya Barraquer ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kerezo laini vya kutosha.

Misingi ya kinadharia ya leza iliwekwa na Albert Einstein mwaka wa 1917, na leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka wa 1960. Leza za mwanzo zilichoma. Zilifaa kuziba mishipa iliyovuja katika retina, ambako kuchoma ndiko kunakotakiwa, lakini hazikufaa konea ambayo ikiungua hubaki na kovu. Ufumbuzi ulipatikana katika maabara ya kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, ambako Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa wakichunguza leza ya mwanga wa urujuanimno itokanayo na gesi za argoni na florini. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1981, siku iliyofuata Sikukuu ya Kutoa Shukrani, Srinivasan alikuja kazini na mabaki ya bata mzinga wa karamu. Walipoupiga mfupa na gegedu kwa leza hiyo, palitokea mfereji wenye kingo safi usiokuwa na alama ya kuungua. Walipotumia leza ya kawaida ya kijani kwa ulinganisho, nyama iliungua na kufanya masizi.

Siri ilikuwa katika urefu wa wimbi la mwanga, nanomita 193. Mwanga huo hufyonzwa wote na tabaka jembamba mno la juu, na kila chembe yake ina nishati ya kuvivunja vifungo vya molekuli moja kwa moja. Vipande vya molekuli huruka hewani kabla joto halijaenea pembeni. Kila mpigo huondoa takriban robo ya mikromita. Kwa mintarafu hiyo, kusema kwamba leza hii "huchoma" jicho ni kosa, japo ndilo neno linalotumiwa na wengi. Kitenzi kifaacho ni kumomonyoa. Tofauti hiyo ina uzito wa kitabibu. Mwenye kisukari anapoambiwa kwamba retina yake itachomwa kwa leza, anaambiwa kweli. Anayekwenda kuachana na miwani akiambiwa vivyo hivyo, ama ataogopa bure, ama atadhani kwamba ni tiba ile ile aliyopewa nyanya yake.

Mwaka wa 1983 Stephen Trokel, daktari wa macho wa New York, alishirikiana na Srinivasan kuijaribu leza hiyo kwenye konea za wanyama. Mwaka wa 1988 Marguerite McDonald, nchini Marekani, aliitumia kwa jicho la binadamu lililokuwa bado likiona. Mwenye jicho hilo alikuwa na saratani pembeni mwake na lilikuwa liondolewe, naye akakubali lifanyiwe jaribio kwanza. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliiidhinisha mbinu hiyo, iitwayo PRK, mwaka wa 1995. Wakati huo huo wengine walikuwa wakiliunganisha wazo la Barraquer na leza mpya. Gholam Peyman alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka wa 1989, na Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, akalitekeleza mnamo miaka hiyo hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama LASIK.

Yanayotendeka katika chumba cha upasuaji

Mgonjwa hulala chali akiwa macho. Hakuna sindano ya usingizi wala ya ganzi. Matone ya ganzi yanatosha. Kope hutenganishwa kwa kifaa kidogo ili asipepese. Katika LASIK, pete hubanwa juu ya jicho kwa mvuto wa hewa, na kwa nukta kadhaa uoni huweza kufifia au kuzima kabisa, jambo linalomtisha asiyeambiwa mapema. Kisha hukatwa kifuniko chembamba cha mviringo chenye unene wa mikromita 100 hadi 120 hivi. Kifuniko hicho hakikatwi kikaisha. Huachwa kimeshikamana upande mmoja kama mlango kwenye bawaba.

Zamani kifuniko kilikatwa kwa kifaa chenye wembe kinachopita juu ya jicho mfano wa randa ya seremala. Siku hizi mahali pengi hutumiwa leza ya aina nyingine, yenye mipigo ya femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Mwanga wake hupenya konea bila kuidhuru hadi kina kilichopangwa, na hapo hufanya viputo vidogo mno ambavyo vikiungana huzitenganisha tabaka mbili. Matumizi hayo yalitokana kwa kiasi fulani na ajali. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, miaka ya 1990, mwanafunzi mmoja aliyekuwa hakuvaa miwani ya kinga alipigwa jichoni na leza ya aina hiyo, na daktari kijana aliyemchunguza, Ron Kurtz, alistaajabu kuona vidonda safi na vidogo kuliko vyovyote alivyowahi kuona. Gérard Mourou, aliyekuwa na maabara huko, na Donna Strickland walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2018 kwa mbinu ya kuzalisha mipigo hiyo.

Kifuniko kikishainuliwa, mgonjwa hutazama taa ndogo, na leza ya kumomonyoa hufanya kazi yake kwa muda ambao kwa kawaida haufiki dakika moja. Kompyuta hulifuata jicho likitikisika. Wengi husikia harufu kama ya nywele zilizoungua, ingawa hakuna kilichoungua. Kwa asiyeona mbali, katikati ya konea humomonyolewa zaidi ili ilale. Kwa asiyeona karibu, pembeni ndipo pamomonyolewapo ili katikati pabaki pameinuka. Kifuniko hurudishwa na kujishika chenyewe bila uzi. Kesho yake watu wengi huwa wanaona.

Katika PRK hakuna kifuniko. Tabaka la juu huondolewa, leza ikamomonyoa stroma moja kwa moja, na jicho likavishwa lenzi laini kwa siku chache hadi tabaka limee upya. Kuna maumivu, na uoni huchukua majuma kutulia. Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu kifuniko cha LASIK hakirudi kamwe kuwa na nguvu za awali, na pigo la usoni, hata baada ya miaka, linaweza kukisogeza. Mwanamasumbwi au mchezaji wa raga hushauriwa PRK. Mbinu ya tatu, SMILE, iliyobuniwa na Wajerumani Walter Sekundo na Marcus Blum na kuidhinishwa Marekani mwaka wa 2016, hutumia leza ya femtosekunde pekee kuchonga kipande chenye umbo la lenzi ndani ya konea, kisha kikatolewa kupitia mkato wa milimita chache.

Hesabu ya mikromita

Swali linaloamua kama mtu anafaa kufanyiwa upasuaji huu ni la hesabu rahisi, na ni vyema kila anayefikiria jambo hili aweze kuipiga mwenyewe. Leza inapochonga eneo la milimita 6, kila diopta 1 ya kutoona mbali hugharimu mikromita 12 hivi za stroma.

Tuseme mwanafunzi wa kwanza ana konea ya mikromita 540 na diopta 4 za kutoona mbali. Leza itaondoa mikromita 48. Kifuniko ni 110. Chini ya kifuniko zitabaki 382. Mwenzake ana konea ya mikromita 490 na diopta 9. Huyu ataondolewa 108, na chini ya kifuniko chake zitabaki 272. Kiwango cha chini kinachotajwa na wengi ni 250, hivyo kwa hesabu hiyo pekee amepita. Hata hivyo, kifuniko na sehemu iliyoondolewa vikijumlishwa ni 218, zaidi ya asilimia 44 ya konea yake yote, na wataalamu huona hatari kuanzia asilimia 40. Daktari mwangalifu atamkatalia LASIK, hata kama mwanafunzi huyo ndiye mwenye haja zaidi. Hapa ndipo palipo na kinaya: kadiri miwani ya mtu inavyokuwa nzito, ndivyo konea yake inavyodaiwa zaidi.

Hatari yenyewe ni kwamba konea iliyopunguzwa mno huweza kushindwa kuhimili shinikizo la ndani ya jicho. Huvimba mbele kama koni, miezi au miaka baada ya upasuaji, na uoni ukaharibika kwa namna ambayo miwani haiwezi kuirekebisha. Wapo watu ambao konea zao zina ugonjwa huo kwa maumbile, keratokonasi, na huanza nao katika ujana kabla dalili hazijawa wazi. Kumfanyia mtu kama huyo LASIK ni kumharakishia maafa. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mzio wa macho unaowawasha watoto na kuwafanya wayasugue macho ni wa kawaida, na kuyasugua macho sana kunahusishwa na ugonjwa huo. Kijana ambaye miwani yake hubadilika kila baada ya muda mfupi, hasa ile ya astigimatizimu, hana budi kupigwa ramani ya konea kabla ya lolote. Ikigunduliwa mapema, konea hiyo inaweza kuimarishwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, tiba iliyoendelezwa Dresden, Ujerumani. Ikigunduliwa baada ya LASIK, kazi huwa ngumu zaidi.

Masharti mengine hayahitaji maelezo marefu. Mtu awe ametimiza miaka 18 angalau, na wengi hupendelea 21. Kipimo cha miwani kiwe kimetulia kwa mwaka mzima. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje, kwani homoni huibadilisha konea. Anayevaa lenzi aziache kwa muda kabla ya kupimwa.

Baada ya hapo

Kifuniko kinapokatwa, neva za konea hukatwa pia, na jicho hupunguza machozi kwa sababu halihisi ukavu wake vizuri. Mboni ya jicho inapopanuka gizani, mwanga hupita ukingoni mwa eneo lililochongwa, na mtu huona duara au miale kuzunguka kila taa. Kiswahili kina neno zuri la sehemu ya hali hii, kiwi, ingawa kiwi cha kawaida hupita na hiki huweza kudumu. Kwa dereva wa lori katika barabara ya Nairobi hadi Mombasa usiku, hilo si jambo la kupuuzwa.

Takwimu zinazoaminika zaidi ni za utafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida mwaka wa 2017. Zaidi ya asilimia 95 ya washiriki waliridhika na uoni wao. Wakati huo huo, miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili kama hizo za kiwi na duara kabla ya upasuaji, hadi asilimia 46 waliripoti angalau dalili moja mpya baada ya miezi 3, na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na macho makavu wakawa nayo. Waliotatizika sana katika shughuli zao hawakufika asilimia 1. Namba hizi hazikinzani. Mtu anaweza kuona duara kuzunguka taa na bado akafurahi kuamka asubuhi akaiona saa ukutani. Lakini hiyo asilimia isiyofika 1 ni watu, na baadhi yao wanaishi na maumivu yasiyopungua. Morris Waxler, aliyehusika na uidhinishaji wa vifaa hivi akiwa katika mamlaka hiyo, aliiomba mwaka wa 2011 isitishe idhini. Ombi lake halikukubaliwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 humtaka mhudumu, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Fomu za idhini, hata hivyo, aghalabu huwa za Kiingereza. Mfasiri atakayezigeuza kuwa za Kiswahili atakuta kwamba neno gumu si konea wala leza, kwa kuwa hayo yamekwisha kuzoeleka. Gumu ni "kutibu". Upasuaji huu hauliponyi jicho. Jicho lililokuwa refu hubaki refu, na retina yake iliyovutika hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kubanduka kuliko ya mtu mwingine. Aliyekuwa na diopta 8 na sasa hana miwani angali anahitaji retina yake ichunguzwe. Akiona vimulimuli ghafla au kitu kama pazia likishuka upande mmoja, ni dharura. Ikiwa fomu ilisema kwamba ametibiwa, kwa nini arudi hospitalini? "Kurekebisha" ndilo neno la haki hapo.

Vivyo hivyo, leza hii haina lolote la kufanya na mtoto wa jicho, ambao ni ukungu wa lenzi na huondolewa kwa kuitoa lenzi na kuweka ya bandia. Wala na trakoma ambayo ingali inasumbua jamii za wafugaji kama vile za Turkana na Narok. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo la uoni ambalo lingeweza kuzuiwa au halijashughulikiwa, na kwa wengi wao kinachokosekana ni miwani ya kawaida tu au upasuaji wa mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho unahusika kwa njia moja ambayo husahaulika. Daktari anayepanga kuweka lenzi ya bandia huihesabu nguvu yake kutokana na mbinuko wa konea, na kanuni za kawaida huichukulia konea kuwa ile ya kuzaliwa. Konea iliyochongwa huzipotosha kanuni hizo, na mgonjwa huweza kuwekewa lenzi isiyomfaa. Zipo kanuni mpya za kusahihisha kosa hilo, na hufanya kazi vyema zaidi vipimo vya kabla ya upasuaji wa leza vinapokuwapo. Anayefanyiwa LASIK leo akiwa na miaka 24 huenda akavihitaji akiwa na miaka 65, wakati ambapo hospitali iliyompima pengine itakuwa imehama, imebadili jina au imezitupa faili zake. Basi anapotoka, pamoja na matone na kikinga macho cha kulalia, aombe nakala ya karatasi yenye vipimo hivyo: mbinuko wa konea, unene wake, na diopta alizokuja nazo. Aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.